Fundi Anajibu: Pikipiki ya Filamu, Kalibu Linalonata na Silaha ya Maigizo

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao: waigizaji wanaojenga pikipiki, wanafunzi wanaofinyanga majoka, vijana wanaokata foamu usiku wakitafuta deraya itakayomshawishi mtazamaji. Nilipozisoma pamoja niliona kwamba nyingi zinagusa jambo moja, nalo ni kwamba kitu kinachotengenezwa ili kionekane kwenye kamera na kitu kinachotengenezwa ili kimbebe mtu ni vitu viwili, hata kama kwa macho vinafanana kama pacha. Nimezifupisha barua zenyewe, na nimeanza na ile iliyonitia wasiwasi zaidi.

Shikamoo Fundi. Mimi na wenzangu watatu tunaandaa filamu fupi inayomhusu mwendesha pikipiki anayesafiri peke yake. Tuna pikipiki ya kawaida, nasi tunataka iwe na uma mrefu wa mbele uliolala (uma ni vyuma viwili vinavyolishika gurudumu la mbele), kama zile pikipiki ziitwazo chopa. Mmoja wetu anajua kuchomelea vyuma na amependekeza tuikate shingo ya fremu, pale mhimili wa usukani unapopita, tuilaze, kisha turefushe uma. Mwigizaji wetu mkuu ana leseni lakini hajawahi kuendesha chopa. Je, tuendelee?

Marahaba, ndugu zangu. Msiikate shingo hiyo ikiwa mwigizaji wenu ataipanda pikipiki hiyo ikitembea. Najua jibu hili linavunja moyo, hasa kwa kundi lenye mchomeleaji wake, kwa hiyo nitaeleza sababu kwa kirefu kisha nionyeshe njia nyingine ya kuipata picha mnayoitaka.

Simameni ubavuni mwa pikipiki na muutazame mstari unaopita katikati ya shingo ya usukani. Mkiuendeleza kwa macho mpaka chini, utaigusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi la mbele linapokanyaga. Umbali huo baina ya alama hizo mbili, ambao hapa nitauita mfuato, ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe pikipiki inapokwenda, kama vile kigurudumu cha kitoroli kinavyogeuka na kufuata nyuma ya mhimili wake. Chukueni mfano wa gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 310, na uma uliosogezwa mbele ya mstari wa shingo kwa milimita 50. Shingo ikiwa imelala kwa digrii 26 kutoka wima, mfuato ni karibu milimita 96. Ilazeni hadi digrii 38 bila kubadilisha vipimo hivyo viwili, na mfuato utafika karibu milimita 179. Katika barabara ndefu iliyonyooka pikipiki hiyo itatulia vizuri sana. Katika mwendo wa polepole, ambao ndio mwendo wa picha nyingi mtakazopiga karibu na kamera, usukani utakuwa mzito, na mara tu unapogeuzwa upande mmoja gurudumu litataka kuangukia upande huo. Aliyezoea chopa hulizuia bila kufikiri. Mwigizaji ambaye akili yake iko kwenye maneno yake na kwenye alama anapotakiwa kusimama hatawahi kulizuia.

Wapo wanaotumia vishikio maalumu vya uma vinavyoulaza zaidi ya shingo yenyewe, ili wapate sura bila kuigusa fremu. Vishikio hivyo huupunguza mfuato badala ya kuuongeza, na vikifungwa bila hesabu vinaweza kuuacha mdogo mno, na hapo usukani huanza kutikisika kushoto na kulia kwa namna ambayo mikono haiwezi kuidhibiti. Ongezeni hapo suala la uchomeleaji wenyewe. Shingo ya fremu ndiyo inayopokea kila pigo la barabara na kila nguvu ya breki ya mbele, na mshono wa chuma unaweza kupendeza kwa nje kama wa cherehani ilhali ndani haukupenya. Sina sababu ya kumtilia shaka mwenzenu; nasema tu kwamba geti likiachia mshono litaning'inia, na shingo ya pikipiki ikiachia mtu atakufa.

Waliotangulia walikumbana na mambo haya haya. Filamu ya Easy Rider ya 1969, ambayo ndiyo iliyoitangaza chopa duniani, haikutegemea pikipiki moja kwa kila mhusika. Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani Weusi wawili, walizijenga kutokana na Harley-Davidson za zamani za polisi zilizonunuliwa mnadani, na kila mmoja wa wahusika wakuu wawili alipata mbili. Kwa miaka mingi watu hao wawili hawakutajwa ipasavyo, ingawa kazi yao ilibandikwa kwenye kuta za dunia nzima, na kwa sababu hiyo nawaomba sana mwandike majina ya mafundi wenu mwishoni mwa filamu yenu, hata kama ni ya dakika kumi. Tazameni pia The Great Escape ya 1963. Pikipiki inayoruka uzio katika hadithi hiyo ni ya Wajerumani wa wakati wa vita, lakini iliyoruka ilikuwa Triumph ya Uingereza iliyovalishwa sura ya Kijerumani, na aliyeirusha alikuwa Bud Ekins, si Steve McQueen. Kilichoruka kilichaguliwa kwa uwezo wake wa kuruka, na sura ikaja juu yake baadaye.

Basi gawanyeni kazi baina ya pikipiki mbili. Ya kwanza iwe ya kusimama. Tafuteni fremu iliyokwisha kazi yake, yenye injini isiyowaka, na hiyo ndiyo mwikate, mwilaze na mrefushe uma wake mtakavyo, kwa kuwa itaegemea ukuta, itapigwa picha za karibu na itakaliwa na mwigizaji ikiwa imefungwa imara. Ondoeni mnyororo wake na mtie boliti ya kuuzuia usukani usigeuke, maana kitu chenye sura ya pikipiki hakikosi mtu wa kujaribu kukiondoa wakati wa mapumziko. Ya pili iwe ya kutembea, na ibaki na fremu, uma, breki na magurudumu yake yale yale. Hiyo mnaivalisha tu: kiti, ganda la juu ya tangi, vikinga matope, rangi, usukani mwingine. Kamera ikiwekwa chini, karibu na gurudumu la mbele, kwa lenzi pana, itaurefusha uma huo kuliko msumeno, na mtazamaji aliyekwisha kuona picha za karibu za ile ya kwanza ataamini kwamba ndiyo hiyo hiyo inayompita.

Kuvalisha nako kuna uangalifu wake. Mkibadilisha usukani, washeni injini pikipiki ikiwa imesimama bila gia, kisha mgeuze usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia. Injini ikipandisha mlio bila mtu kuligusa akselereta, waya wake umekuwa mfupi na unavutwa; msiiendeshe mpaka mpate mrefu zaidi au mbadilishe njia unakopita. Kwa vikinga matope na maganda, pimeni nafasi ambayo gurudumu linaihitaji wakati springi zimebanwa kabisa, wala msipime pikipiki ikiwa imetulia kwenye stendi. Fungeni kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kuzunguka bomba jembamba la uma, muisukume chini hadi ikutane na mpira wa kuzuia vumbi, kisha mwendeshaji mwenye uzito wa mwigizaji wenu apite kwenye matuta na afunge breki kwa nguvu. Atakaporudi mtaikuta kamba imepanda, na nafasi iliyopo chini yake ndiyo hatua halisi ambayo uma ulishuka. Kikinga matope kinachokaa ndani ya nafasi hiyo kitalikwaruza tairi siku ya kwanza ya kupiga picha, au kitalisimamisha. Foamu nayo isikaribie bomba la moshi, kwa maana foamu ya EVA, ambayo ni plastiki laini yenye vitundu, huanza kulainika kwenye joto lisilozidi sana la maji yanayochemka, ilhali bomba karibu na injini hufikia mamia ya digrii.

Mpendwa Fundi, kwa wiki nne nilifinyanga kichwa cha joka kwa udongo wa mafuta, kwa ajili ya filamu ya kikundi chetu. Nikakimiminia silikoni ya platinamu ili nipate kalibu. Baada ya saa 24 nje pamekauka vizuri, lakini ndani, pale silikoni ilipogusa udongo, pananata kama asali. Je, nisubiri zaidi?

Pole sana. Usisubiri, kwa sababu hapo panaponata hapatakauka hata baada ya mwezi. Silikoni ya aina hiyo huganda kwa msaada wa platinamu kidogo sana iliyochanganywa ndani yake, na platinamu hiyo hulemazwa na salfa. Udongo mwingi wa mafuta unaotumiwa na wafinyanzi umetiwa salfa. Glavu za latekisi huleta madhara hayo hayo, na vivyo hivyo baadhi ya resini za printa za 3D ambazo hazijakomaa vizuri kwa mwanga, pamoja na vitu vilivyoguswa na silikoni ya bati, yaani ile inayogandishwa kwa kemikali yenye bati badala ya platinamu.

Naijua huzuni hiyo. Miaka mingi iliyopita niliufinyanga uso wa mzee, kila mkunjo wa jicho nikauchora kwa ncha ya sindano, na nilipolifungua kalibu kidole gumba changu kilizama. Nilipokichomoa kilitoka na nyuzi nyembamba za rangi ya waridi, na mikunjo yote ya jicho ilikuwa imejaa uji. Nilikuwa nimeununua udongo mpya bila kusoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwa boksi.

Habari njema ni kwamba joka lako huenda halijapotea. Libandue kalibu polepole, ukwangue uji kwa kijiti cha mbao kisicho na ncha, kisha umalizie kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, kidogo kidogo, huku ukikagua kwamba alkoholi hailainishi udongo wako. Magamba mengine utalazimika kuyachora upya. Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia silikoni ya bati, ambayo haijali salfa. Udhaifu wake ni kwamba husinyaa kidogo na huchoka baada ya miaka michache, lakini kwa filamu moja na nakala chache za kichwa hayo hayatakusumbua. Ya pili ni kurudi kwenye platinamu baada ya kuufunika udongo kwa tabaka kadhaa nyembamba za vanishi ya akriliki. Njia hii hufaulu mara nyingi, ila si kila mara, na mimi kwa kazi ya wiki nne nisingethubutu bila jaribio.

Jaribio lenyewe ni dogo. Chukua kipande cha udongo ule ule, kipake vanishi ile ile, uchanganye silikoni kiasi cha kijiko kimoja na uimwage juu yake. Kesho yake ibandue. Ikitoka safi na kidole kikabaki kikavu, endelea. Vaa glavu za vinaili, upime sehemu zote mbili za silikoni kwa mizani iwapo maelekezo yanataka uzito, na umimine uzi mwembamba kutoka juu, kwenye kona ya chini kabisa ya boksi, uiache silikoni ipande yenyewe juu ya sanamu. Uzi huo mwembamba hupasua viputo vya hewa vikiwa bado angani, kabla havijafika kwenye magamba.

Fundi, nina tangi la mafuta la pikipiki ambalo halijatiwa petroli kwa mwaka mzima. Nataka kuchomelea vishikio viwili juu yake ili nifunge ganda la fiberglasi. Kwa kuwa ni tupu, nadhani hakuna hatari.

Tangi tupu ndilo la kuogopwa, ndugu yangu, kuliko lililojaa. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Unaowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na mchanganyiko huo hulipuka mvuke ukiwa baina ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 tu. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa. Lililoachwa tupu lina hewa tele, na mabaki yaliyojificha kwenye mishono na chini ya kutu huendelea kutoa mvuke kila chuma kinapopata joto. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usitegemee kwamba mwaka mmoja umeukausha.

Usilichomelee. Tengeneza mikanda miwili ya bati inayolizunguka tangi, uweke mpira chini yake, na ufunge ganda lako kwenye mikanda hiyo. Ikiwa ni lazima chuma kiungane na chuma, mpelekee fundi ambaye kazi yake ni matangi tu, anayeliosha na kulijaza gesi isiyowaka kabla hajawasha chochote. Neno moja zaidi kwa wote wanaochomelea fremu: msisafishe chuma kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha mkachomelea papo hapo. Joto na mwanga wa mchomeleo huigeuza kuwa fosjeni, ambayo ni gesi ya sumu, na kiasi kidogo kinatosha kuyaharibu mapafu.

Bwana Fundi, tumefunga taa za LED kuzunguka magurudumu ya pikipiki ya filamu yetu ya kubuni. Kwa macho zinang'aa vizuri, lakini kwenye kamera zinapepesa, na mara moja waya ulianza kunuka kuungua. Tatizo ni moja au ni mawili?

Ni mawili. Kupepesa kunatokana na kifaa cha kupunguza mwanga. Vifaa vingi vya namna hiyo havipunguzi umeme. Huuzima na kuuwasha mara nyingi kwa sekunde, na jicho huunganisha mapigo hayo likaona mwanga hafifu. Kamera inayopiga picha 25 kwa sekunde, kila moja ikipata mwanga kwa muda wa moja ya hamsini ya sekunde, huyakamata mapigo hayo bila usawa. Ondoeni kifaa hicho muwashe taa kwa nguvu zote, mkipunguza mwanga kwa karatasi ya kuchuja, au mtafute kidhibiti kinachozima na kuwasha kwa kasi kubwa zaidi. Jaribuni kwa kamera ile ile mtakayotumia, na kwa mwendo ule ule, maana mkipiga picha nyingi kwa sekunde ili kupata mwendo wa taratibu tatizo huzidi.

Harufu ya kuungua ni jambo la fyuzi. Betri ya pikipiki huitwa ya volti 12, lakini injini ikiwa inazunguka na kuichaji, umeme hupanda hadi kama volti 14, na taa za bei nafuu huvuta zaidi ya zilivyoandikiwa. Taa za wati 36 huvuta ampea 3 kwa volti 12. Wekeni fyuzi ya ampea 5, na iwe karibu kabisa na betri, isiyozidi shubiri moja kutoka kwenye ncha chanya. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya, karibu na taa, haiulindi waya wenyewe.

Fundi mpendwa, sisi ni wanafunzi wanne. Katika filamu yetu kuna genge la waendesha pikipiki na tukio la ujambazi. Mjomba wa mwenzetu ana bastola halali na yuko tayari kutuazima bila risasi. Tunaona itapendeza kuliko ya bandia. Unatushaurije?

Wanangu, msiilete bastola hiyo mahali mnapopigia filamu, hata kwa dakika moja, hata ikiwa mikononi mwa mjomba mwenyewe. Nawaandikia nikiwa na majina mawili moyoni. Tarehe 31 Machi 1993 mwigizaji Brandon Lee alifariki baada ya kupigwa kwa bastola katika kazi ya filamu. Hakuna aliyekusudia. Siku za nyuma risasi za kuonyesha tu, zilizotengenezwa kutokana na risasi halisi kwa kuondolewa baruti, zilikuwa zimetumika kwa picha ya karibu, na kichwa cha mojawapo kikabaki kimekwama ndani ya mtutu. Baadaye ikafyatuliwa fataki, yaani risasi yenye baruti isiyo na kichwa, na nguvu ya baruti ikakisukuma kile kilichokwama. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa wakati wa matayarisho ya tukio, kwa bastola iliyotangazwa kuwa salama lakini ndani yake mlikuwa na risasi halisi. Hizo zilikuwa kazi zenye wataalamu wa silaha waliolipwa. Nyinyi ni wanne, na kila mmoja wenu ana kazi tatu.

Sasa nije kwenye hoja yenu kwamba ya kweli inapendeza zaidi. Kamera haioni chuma. Inaona umbo, mng'ao na jinsi mkono unavyolemewa. Tengenezeni bastola kwa foamu ngumu au mbao laini, mfanye kalibu lake, mmimine resini ya poliyurethani, na kabla haijaganda mpachike kipande cha chuma ndani ya kishikio ili mkono wa mwigizaji uhisi uzito na mtazamaji auone kwenye kifundo cha mkono. Mmimine nakala nyingine ya mpira kwa ajili ya matukio ya kuanguka na kupigana. Mtutu uzibwe kabisa. Mwanga wa mlipuko, moshi na sauti vitiwe wakati wa uhariri, na mwigizaji aelekezwe namna ya kurudishwa nyuma na pigo. Nimeona kazi nyingi ambamo bandia iliigizwa vizuri ikaaminika, na ya kweli ikashikwa ovyo ikaonekana mwanasesere.

Ila bandia iliyotengenezwa vizuri ina hatari yake, nayo ni kwamba mpita njia na polisi wataiamini pia. Toeni taarifa kwa polisi na kwa majirani kabla ya siku yenyewe, muwe na kibali mkononi ikiwa sheria ya mahali penu inakidai, na msipige tukio hilo barabarani pasipo kizuizi. Mmoja wenu, ambaye siku hiyo haigizi wala hashiki kamera, awe ndiye mwenye ufunguo wa sanduku la bastola hiyo. Bastola hutoka mikononi mwake tukio linapoanza na hurudi mikononi mwake linapokatwa, na mwigizaji hatembei nayo kwenda kunywa maji.

Fundi, nimemtengenezea mwendesha pikipiki wa filamu yetu deraya ya foamu ya EVA. Nina malalamiko mawili: rangi inapasuka kila anapoinua mkono, na hata pale isipopasuka deraya nzima inaonekana mpya, kama imetoka kiwandani jana.

Lalamiko la kwanza lina jibu fupi. Foamu hujikunja na rangi yako haijikunji. Kabla ya rangi, ipitishie foamu upepo wa bunduki ya joto mpaka uso wake ubadilike, ung'ae kidogo na vitundu vyake vijifunge. Kisha upake tabaka mbili au tatu za mpira wa maji unaopulizwa kutoka kwenye kopo, ndipo rangi ya akriliki ije juu, nyembamba, mara kadhaa, kila mara ikisubiri kukauka. Ikiwa viungo ndivyo vinavyoachia, gundi yako ya mpira haikusubiriwa. Ipake pande zote mbili, uiache mpaka kidole kikiigusa kisinate, ndipo uunganishe, na ujue kwamba ukishaunganisha hutaweza kusogeza. Fanya kazi hiyo penye hewa, ukivaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, maana barakoa ya vumbi hailizuii tone la mvuke.

Lalamiko la pili ndilo ninalolipenda, na kwa hilo nitachukua nafasi yangu iliyobaki. Wengi hulichukua sponji lenye rangi ya kahawia na kuligonga kila mahali kwa usawa, na matokeo yake ni kitu kipya kilichochafuliwa. Uchakavu wa kweli una sababu. Jiulize mtu huyu anakaa vipi kwenye pikipiki yake. Mapaja ya ndani yanasuguana na tangi, kwa hiyo hapo rangi imelika na kung'aa. Kiwiko cha kulia kimewahi kugonga lami, kwa hiyo kina mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu ndiko lami ilikokwenda. Vumbi limekaa kwenye mikunjo iliyoelekea mbele, na mgongoni ni kidogo. Mafuta meusi yako kwenye ncha za vidole na kwenye paja alikozoea kufutia mkono, na hayako begani.

Kwa mikunjo na mianya, punguza rangi nyeusi na ya kahawia kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, uipake yote, kisha ufute mara moja kwa kitambaa kikavu. Itabaki pale ambapo uchafu hujificha. Kwa kingo zilizolika, chovya brashi kwenye rangi ya fedha, uifute karibu yote kwenye karatasi, na uipitishe kwenye kingo peke yake. Kwa sehemu zinazotakiwa kuonekana chuma, nakushauri uache rangi ya fedha kabisa. Paka nyeusi, iache ikauke, kisha uchukue unga wa grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, kwa ncha ya kidole na uusugue. Mwanzoni utaona kijivu kisicho na uhai. Endelea kusugua kwa duara ndogo, na baada ya muda foamu itaanza kurudisha mwanga mzito wa chuma cha zamani, wenye weusi ndani yake, ambao hakuna kopo la rangi litakalokupa. Usiufunike kwa vanishi nzito, utafifia.

Halafu piga picha ya majaribio ukiwa umbali ule ule ambao kamera itasimama. Mkwaruzo unaoonekana umezidi ukiushika mkononi huenda ukapotea kabisa ukiwa mita nne mbali, na kinyume chake kwa picha ya karibu. Ukiwa na wiki moja ya ziada kabla ya kuanza, mpe mwigizaji aivae deraya hiyo katika mazoezi yote, ajikune nayo, aketi nayo, aivue na kuivaa. Pale mkono wake utakapokuwa umepita mara nyingi unga wa penseli utalika wenyewe. Usiparudishie.